Karatasi ya Hospitali Niliyoisoma Uongo

Kosa ni langu. Siyo la mkwe wangu, siyo la daktari, wala hakuna mkono wa mtu kama ndugu wengine walivyotaka kuamini. Nalisema hapa mwanzoni ili msisome huku mnamtafuta mkosaji.

Jina langu siandiki. Wanaolijua jambo hili kijijini kwetu wanatosha. Majina ya wengine nimeyageuza, isipokuwa ya wajukuu zangu mapacha, Kulwa na Doto. Hayo nimeyaacha kwa sababu huku Usukumani Kulwa na Doto wapo kila baada ya nyumba mbili, hamtawapata.

Shule sikwenda. Kusoma nilijifunza ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, nikiwa tayari naitwa bibi. Tulisomea ghalani, tumekalia magunia ya pamba, wanawake kumi na mmoja na wanaume wawili. Wanaume waliacha wiki ya pili, wakasema ubao unaumiza macho. Mimi nilimaliza nikapewa cheti. Nilikitundika ukutani mkabala na mlango, na mgeni akiingia bila kukitazama nilimuuliza kama anaona vizuri.

Nawaeleza hayo ili mjue kwamba siku nilipoisoma ile karatasi, nilikuwa naiona vizuri kabisa.

Masanja ni mtoto wangu wa kwanza. Alikuwa anafanya kazi kwenye kinu cha pamba, na wenzake walimwita Robota, yaani lile furushi la pamba lililokazwa kwa mashine. Kazi yake ilikuwa kuyasukuma hayo marobota, na yeye mwenyewe alifanana nayo. Alikuwa anakula. Nikisema kula namaanisha kula. Ugali wa watu watatu alikuwa anaumaliza peke yake, kisha anauliza kama kuna kilichobaki chunguni.

Mwili ule niliujenga mimi, tonge kwa tonge. Tukienda mnadani nilikuwa namtanguliza makusudi, mimi nafuata nyuma, ili watu waseme mama huyu anajua kupika. Na walikuwa wanasema.

Kumbe ndani anaungua. Vidonda vya tumbo. Alivificha miaka, mpaka siku moja akatapika damu nyeusi kama kahawa mbele ya mizani ya pamba. Wakampeleka hospitali mjini, wakampasua. Daktari alikata sehemu kubwa ya tumbo akaitoa, akaunga kilichobaki. Sista wa hospitali alifunga ngumi yake akamwonyesha mkwe wangu, Mama Kulwa, akamwambia, "Mfuko uliobaki ni kama huu. Msijaze gunia humu."

Mwaka ule serikali ilikuwa imetuhamishia kijiji kipya kwa operesheni ya vijiji. Kabla ya hapo tulikuwa tunakaa mbalimbali, kila mtu na mashamba yake. Sasa nyumba zilikuwa mstari mmoja kama mabehewa. Jirani akikohoa unamwambia pole ukiwa kitandani. Likumbukeni hilo.

Masanja alirudi nyumbani kwenye gari la pamba, akashushwa kwa kushikwa mkono. Suruali ilikuwa imefungwa kwa kamba ya katani. Nilimtazama usoni mara mbili kuhakikisha ndiye. Nilipompa pole alisema "Marahaba," mimi mama yake, akili ilikuwa bado imechoka. Tukacheka kidogo. Kisha nikaingia jikoni nikalia, nikaosha uso, nikatoka.

Mama Kulwa alianza kumlisha kama alivyofundishwa. Alikuwa na kibakuli kidogo cha bati chenye ua jekundu ubavuni, na kijiko cha chai. Mara sita kwa siku. Asubuhi uji mwepesi. Saa nne yai la kuchemsha lililopondwa. Mchana kiazi kilichosetwa na samaki aliyechambuliwa miiba. Alasiri maziwa kidogo, halafu mlenda, halafu uji tena. Vijiko vitano au sita tu, anatafuna hata uji. Maji hanywi pamoja na chakula, anangoja mpaka chakula kishuke. Akisema nimeshiba, kibakuli kinaondolewa, hata kama kimebaki kijiko kimoja.

Hilo la kijiko kimoja lilinikera kuliko yote. Kwetu mtu anaacha kula chombo kikiisha.

Lakini niseme ukweli, alikuwa anapona. Wiki ya pili alitembea mpaka zizini. Wiki ya tatu alimkemea ndama. Macho yalianza kurudi mahali pake.

Mimi sikuona kupona. Niliona mifupa. Nilikuwa napika chungu kizima kwa ajili yake, anachota vijiko vitano, chungu kinabaki kinanitazama.

Sasa lazima nieleze shikome, maana bila hiyo hamtanielewa. Shikome ni pale uwani penye moto, wanaume wanapokaa jioni na kula. Wanaume wa nyumba nne walikuwa wanakula pamoja kwetu, kila nyumba inaleta bakuli lake la ugali na mboga yake. Mke anaweka chini, anaondoka. Baadaye anarudi kuchukua chombo. Chombo kikirudi kitupu, umeheshimiwa. Kikirudi na kitu, hulali vizuri.

Na pale hakuna kutafuna kwa starehe. Tonge linakandwa, linachovya, linamezwa, mkono unarudi. Ukichelewa unakuta mboga imekauka. Sheria ni mbili tu. Mwanamume mzima hali peke yake ndani, huo ni uchoyo. Na hakuna anayenyanyuka kabla mkubwa wao hajanawa mikono. Mkubwa wao alikuwa mume wangu, Baba Masanja.

Basi fikirini. Mwanangu Robota, anakula ndani, peke yake, mchana kweupe, kwa kijiko. Na nyumba zimepangwa mstari.

Jirani yetu Mzee Nkwabi ndiye alianza. Siku moja nikipeleka ugali nikamsikia anamwambia mume wangu, "Baba Masanja, kwako mmeweka mwali ndani? Kila saa nne nasikia kijiko kinagonga bakuli."

Wanaume wakacheka. Mume wangu akikasirika hanyanyui sauti, anaishusha mpaka haipo.

Kesho yake kisimani mke wa Nkwabi naye akanipokea. "Pole, Mama Masanja. Nasikia siku hizi unapika kwa kijiko."

"Changu angalau kinaliwa," nikamwambia.

"Kinaliwa na nani?" akauliza, akajitwisha ndoo yake, akaenda zake.

Nilibaki na ndoo chini. Jibu nililipata nimefika nyumbani, na huko hapakuwa na wa kumpa.

Katikati ya hayo Mama Kulwa akapata habari kwamba baba yake amefariki, kwao Ushirombo. Ilibidi aende na mapacha mpaka matanga yaishe. Kabla ya kuondoka alinifuata jikoni na karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Mama, hii ndiyo karatasi ya sista. Baba hajaambiwa haya. Mimi siwezi kumwambia."

Alikuwa sahihi. Kwetu mke wa mtoto hakai mbele ya baba mkwe akamweleza habari za tumbo la mumewe. Hata kikombe hampi mkononi. Anakiweka chini, anarudi nyuma, mzee anaokota.

"Wewe ndiye unayesoma," akasema. "Msomee."

"Nipe."

"Bado wiki tano za vitu laini, Mama. Ugali bado. Daktari amesema atamtazama kwanza ndipo aanze."

"Nimesikia."

"Na asinywe juu ya chakula."

"Nimesikia, Mama Kulwa. Nimezaa saba."

"Ndiyo, Mama. Ila tumbo hilo siyo tena lile ulilozaa."

Alisema kwa adabu, amepiga goti. Lakini lilinichoma, nikalitunza.

Karatasi ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa, nadhani sista alijua inakwenda kwa watu kama mimi. Ilisema ale kidogo mara sita. Atafune sana. Asinywe maji pamoja na chakula. Ugali na nyama ngumu bado. Akiona jasho na moyo kwenda mbio, amekula haraka au amezidisha, alale kidogo. Mstari wa mwisho ulisema: UKISHIBA, ACHA.

Siku nne nilifuata. Nawaomba mnihesabie hizo siku nne, ndizo pekee nilizo nazo.

Siku ya tano jioni nilikwenda shikome kuchukua chombo changu. Kilikuwa kimejaa nusu. Vya wenzangu watatu vilikuwa vitupu, vimepanguswa kwa vidole.

Nilimngoja mume wangu ndani. "Bakuli lina nini?"

"Halina kitu. Watu walishiba."

"Walishiba kwangu tu?"

Akakaa. Akavua kiatu kimoja. "Nkwabi kasema nyumba ina mgonjwa wa tumbo. Kasema wasimalize chakula cha mgonjwa. Wengine nadhani wanaogopa kuambukizwa."

Ndugu zangu, miaka thelathini nimempikia mume yule. Hakuna chombo kilichowahi kurudi na tonge.

Akavua kiatu cha pili. "Ile karatasi aliyoacha mkwe inasemaje? Masanja atakula lini na watu?"

Nikaitoa. Nikaisogeza kwenye koroboi. Mume wangu hajui kusoma, aliacha kisomo wiki ya pili. Yeye ndiye mmoja wa wale wawili.

Nikasoma: "Amepona. Ale na wenzake apate nguvu."

Akatazama karatasi. "Mistari yote hiyo ndiyo inasema hivyo?"

"Maneno ya hospitali ni marefu."

"Aha," akasema, akalala.

Nikaikunja ile karatasi nikaisukuma chini kabisa ya mtungi wa michembe, vile viazi tunavyokata na kukausha kwa ajili ya njaa. Nilijua hakuna atakayefika chini ya mtungi kabla ya kiangazi.

Kesho yake jioni Baba Masanja alimwita mwanangu kwa sauti, shikome imejaa. Masanja akatoka ndani anashika ukuta.

"Baba, mimi bado kidogo."

"Karatasi imesema umepona. Mama yako ameisoma. Kaa ule na watu."

Masanja akageuka akanitazama. Mimi nilikuwa mlangoni kwa jikoni na mwiko mkononi. Yeye kasoma mpaka darasa la nne, angeweza kuiomba hiyo karatasi aisome mwenyewe. Lakini mtu haombi karatasi kwa mama yake. Na katika nyumba ile yeye ndiye aliyekisifia cheti changu kuliko wote. Ndiye aliyenunua misumari ya kukitundikia.

Nikainamisha kichwa, kwamba ndiyo.

Akakaa. Ulikuwa ugali wa udaga, unga wa muhogo, uliochanganywa na mtama, mzito, na nyama ya kukausha. Alikula kama wanavyokula wote pale, maana huwezi kutafuna mara thelathini huku mikono minane inapita puani kwako. Akanywa na maji kata nzima. Mzee Nkwabi akampiga bega. "Robota karudi kinuni."

Chombo changu kilirudi kitupu. Siku ile nililala vizuri. Naandika ukweli.

Kabla sijalala Masanja alikuja ameloa shati lote, moyo unamwenda kama mtu aliyefukuzwa na fahali. Nikamwambia ni jasho la shibe, amelisahau. Karatasi ilikuwa imeandika jambo hilo hilo, mstari wa tano, ila yenyewe haikuliita shibe.

Siku ya pili akaenda tena. Aliporudi akajishika chini ya kifua. "Mama, linakaba hapa."

"Tumbo limesahau kazi. Lizoeshe."

Siku ya tatu hakumaliza tonge la nne. Alinyanyuka kabla ya baba yake kunawa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu anyoe ndevu. Akatapika nyuma ya zizi. Akaendelea kutapika hata pasipokuwa na cha kutapika. Tumbo likawa gumu kama ngoma iliyoanikwa juani. Kulipokucha hakuweza kunyoosha miguu.

Tulimlaza kwenye tela la trekta la kijiji, juu ya godoro na mabaki ya pamba. Kila shimo la barabara alilia kwa sauti ndogo, na njia ile ina mashimo. Nilimshika kichwa. Aliniuliza mara moja tu, "Mama, karatasi ilisema hivyo kweli?"

Nikamwambia asiongee, apumzike.

Wakampasua mara ya pili. Daktari alitoka na kofia mkononi, akasema chakula kilikuwa kimeziba na mshono umeachia upande mmoja, na kwamba hajui kama atapona. Sikupenda daktari aseme hajui. Kisha akauliza, "Nani alimpa ugali?"

Nikajibu, "Mke wake hayupo."

Angalieni jibu hilo. Sikusema uongo hata neno moja. Mke wake kweli hakuwapo. Lakini kila aliyesimama pale alisikia kitu, na walichokisikia ndicho nilichotaka wasikie.

Kabla ya siku tatu ukoo mzima ulikuwa umeshaamua. Kwamba Mama Kulwa aliondoka bila kueleza jinsi ya kumlisha mume. Kwamba alileta karatasi ya mgonjwa mwingine. Shangazi mmoja akasema labda si karatasi, ni kitu kingine kilichoandikwa. Baba Masanja akasema, kwa ile sauti yake ya kushuka, kwamba akirudi kutoka matangani ageukie huko huko kwao, ng'ombe warudishwe, mapacha wabaki kwetu.

Mimi nilikuwepo. Nilikuwa namenya viazi. Nilimenya vizuri sana siku ile.

Mama Kulwa alikuja moja kwa moja hospitali kutoka Ushirombo, kichwa kimenyolewa cha msiba, Kulwa mgongoni, Doto mkononi. Akamtazama mume wake aliyelala na mipira puani. Kisha akanijia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

"Karatasi ulimsomea baba?"

"Nilimsomea."

"Yote?"

Nikakaza khanga yangu. Alinitazama kama unavyotazama mzani unaojua umechezewa. Hakunitukana. Akaketi chini ukutani, akamnyonyesha Doto. Hakuwa na la kufanya. Baba mkwe alikuwa nje kwenye benchi, hatua kumi tu, na hakuna hata neno moja ambalo yeye angeweza kumwambia. Mlango pekee wa kupitisha maneno ulikuwa mimi, na mimi ndiye niliyeufunga.

Sista alitusogelea wote wawili. Mwanamke mfupi, hana muda. Akasema, "Akiamka huyu, anarudi kwenye kijiko. Yule aliyemlisha mwanzo ndiye amlishe. Aliyemlisha juzi akae mbali na jiko, au msimlete tena hapa, mchimbe tu huko huko."

Hakujua anazungumza na nani. Au alijua.

Nilikaa na maneno yale njia nzima ya kurudi kijijini. Nilipiga hesabu yangu ya kisomo. Mama Kulwa akifukuzwa, Masanja analishwa na mimi. Masanja akilishwa na mimi, anakufa. Haikuwa hesabu ngumu. Hata wale wawili walioacha wangeipata.

Jioni ile nilipika ugali kama kawaida. Niliumwaga mtungi wote wa michembe chini, nikatoa karatasi. Ilikuwa inanuka kiazi. Nikaiweka kwenye upindo wa khanga, nikabeba bakuli kwenda shikome, nikaliweka chini. Sikuondoka.

Wanaume walingoja niondoke. Mwanamke hasimami pale. Mzee Nkwabi akasema, "Mama Masanja, kuna kilichosahaulika?"

"Hakuna. Kuna nilichosoma vibaya kwa kusudi."

Nikaifungua karatasi, nikasogea karibu na moto, nikaisoma. Mimi husoma kama tulivyofundishwa, silabi moja moja, kidole kinatembea. U-ga-li ba-do. Ilichukua muda. Ugali ulikuwa unatoa moshi nilipoanza, na nilipofika UKISHIBA, ACHA haukuwa unatoa tena.

Hakuna aliyegusa tonge. Hata Nkwabi.

Mume wangu akasema, "Soma tena."

Nikasoma tena, yote.

"Na ile uliyonisomea mimi, iko mstari gani?"

"Haipo."

"Mkwe hakukosea."

"Hakukosea. Alinieleza yote akiwa amepiga goti. Mimi ndiye niliyemlisha Masanja. Nilitaka chombo changu kirudi kitupu."

Akavuta lile bakuli la maji. Akanawa mikono. Alikuwa hajala hata tonge. Akanyanyuka, akaingia ndani.

Na kwa kuwa mkubwa amenawa, wote ikabidi wanawe. Bakuli nne za ugali zilirudi kwenye nyumba nne zimejaa. Siku ile hakuna mke aliyemshinda mwenzake.

Alfajiri Baba Masanja aliondoka kwenda hospitali bila kuniaga. Yaliyotokea huko nilielezwa na shangazi. Alinunua maziwa kwenye kikombe. Akafika mbele ya mkwe wake, akakiweka kikombe chini kwa mikono miwili, akarudi nyuma hatua tatu, akangoja mpaka Mama Kulwa akiokote. Kwa msiojua mila zetu, mzee hafanyi hivyo. Huko kulikuwa kuomba radhi. Neno la ng'ombe kurudishwa halikusikika tena.

Masanja alipona. Ilichukua karibu mwaka. Kinuni hakurudi kusukuma, walimpa kazi ya kukaa kwenye mizani kuandika uzito wa pamba. Hakunenepa tena. Siku hizi hakuna anayemwita Robota, na mimi nikienda naye mnadani tunatembea sambamba.

Sasa niwaambie nililolipa.

Hawakurudi kwangu. Walipanga Ngokolo, mjini, kuwa karibu na hospitali, na wamebaki huko. Kulwa na Doto wamekulia huko. Wakija likizo wananiamkia vizuri, kisha wanamtazama mama yao kabla ya kupokea chochote mkononi mwangu. Hawajui kwa nini wanafanya hivyo. Walikuwa bado wananyonya.

Cheti nilikishusha ukutani mwenyewe. Misumari imebaki. Na mume wangu hajawahi kuniomba nimsomee kitu tena. Barua ikija huipitisha mbele ya macho yangu, anapanda baiskeli, anaipeleka kwa mwalimu upande wa pili wa kijiji, anarudi na habari. Nikimuuliza inasemaje, hunieleza. Anaeleza sawasawa, neno kwa neno, hapunguzi wala haongezi. Nadhani hiyo ndiyo adhabu yenyewe.

Masanja akija, shikome wanakula kwa mwendo mwingine. Yeye hukaa na kibakuli chake cha ua jekundu kando ya baba yake. Baba yake humega tonge dogo kama kunde, hutafuna mpaka ng'ombe wanaanza kulala. Na hakuna anayeweza kunyanyuka. Mwaka jana nilimsikia Mzee Nkwabi analalamika, "Baba Masanja, ugali umekuwa jiwe."

"Tafuna," mume wangu akamwambia.

Nyote wenye mgonjwa aliyetoka kupasuliwa tumbo, nawaomba. Usimpime kwa mashavu. Usimpime kwa alivyokuwa anakula zamani, tumbo lile lilibaki kwenye ndoo ya hospitali. Mpe kidogo, mara nyingi, laini, akae wima, asiharakishwe na mtu. Maji yangoje. Akisema inatosha, chukua chombo, hata kama kimebaki kijiko kimoja na jirani anatazama. Jirani hatapasuliwa. Na kama umepewa karatasi, isome ilivyo. Kama hujui kusoma, bora zaidi, utamtafuta anayejua.

Krismasi iliyopita Mama Kulwa alikuja na vyungu vyake kama kawaida. Huwa anampikia mwenyewe jikoni kwangu, mimi nakaa pembeni nakuna nazi ya wageni au nachagua mchele. Siku ile mikono yake ilikuwa na unga. Akanisogezea kile kibakuli.

"Mama, leo mpakulie wewe."

Miaka yote hiyo hakuwahi kusema hivyo. Nikachukua kijiko. Nikaweka kiazi kimoja, cha pili, cha tatu, na samaki juu. Nilipanga vizuri. Nikamwonyesha.

Akatazama.

"Punguza, Mama."

Mkono wangu ulikataa kidogo. Niseme ukweli hapo pia. Kisha nikapunguza.

Na wewe unayenisoma, ukiambiwa punguza, punguza.